Kuwinda vitabu vya mtumba Arusha: mwongozo wa Jumamosi moja

Kuna riwaya niliinunua kando ya barabara, si mbali na stendi, baada ya majadiliano marefu. Kijana alianza na elfu tano, mimi nikang'ang'ana mpaka tukafika elfu tatu na mia tano, nikaondoka najiona mjanja. Usiku, nilipofika pale ambapo mjane anakwenda kufungua mlango, ukurasa wa 112 ukaisha na uliofuata ulikuwa wa 97. Nikadhani nimesinzia. Zikaja tena 98, 99, mpaka 112, kisha kitabu kikarukia 129. Kurasa 16 zimewekwa mara mbili, 16 nyingine hazimo kabisa. Aliyekuwa nyuma ya mlango sikumjua usiku ule.

Ndiyo maana humu suala la bei nimelisukuma mbele huko. Hela ya mnunuzi wa vitabu vya mtumba hupotelea kwenye kitabu kibovu alichokibeba huku akishangilia punguzo la jero.

Kabla hujatoka nyumbani

Piga picha rafu yako. Ukiwa na vitabu zaidi ya hamsini utasahau ulicho nacho, na hakuna aibu kama kununua kitabu kile kile mara ya tatu. Mimi nimefika mara mbili.

Beba begi lako. Tangu mifuko ya plastiki ipigwe marufuku tarehe 1 Juni 2019, muuzaji atakupa ule mfuko mbadala mwepesi, tena kwa kuulipia, na vitabu sita vikubwa vitautoboa kabla hujafika kwenye daladala. Chukua hela ndogondogo: noti za elfu moja, mbili, tano. Ukitoa Msimbazi, ile noti ya elfu kumi, kulipia kitabu cha elfu tatu saa mbili na nusu asubuhi, chenji itatafutwa mpaka kwa muuza chai, na nguvu yako ya kuomba upunguziwe imekwisha. Weka kiwango. Mimi huenda na elfu ishirini, na nauli naiweka mfuko mwingine.

Siku, saa na msimu

Jumamosi, kati ya saa tatu na saa sita. Kabla ya hapo wengi wanatandika maturubai. Baada ya hapo jua limeshawachosha, wewe na muuzaji. Jumamosi ya mwisho wa mwezi ni siku ya usafi, kwa hiyo usijisumbue kufika kabla ya saa nne. Jumapili wengi hutandika mchana watu wakishatoka kanisani, na si wote.

Msimu nao una kanuni zake. Kidato cha Nne wanamaliza mtihani Novemba, na wiki zinazofuata madaftari, vitabu vya ziada na riwaya za fasihi vinaingia mtaani kwa wingi. Hapo ndipo pa kununulia. Januari usiende kutafuta cha shule kama unaweza kuepuka, maana wazazi wote wa mji wapo pale na orodha mkononi, na muuzaji anawasoma usoni. Masika, Machi hadi Mei, meza ni chache, na vilivyopo vingine vimeshaonja mvua. Agosti mpaka Oktoba shida ni vumbi tu, na vumbi linafutika.

Meza ziko wapi

Nikikutajia kona moja leo, kesho utanilaumu. Wamachinga waliondolewa kwenye hifadhi za barabara mwishoni mwa 2021, na wauza vitabu, ambao mtaji wao ni turubai na magunia mawili, ndio wepesi kuhama kuliko wote. Anzia katikati ya mji: zunguka kuanzia Mnara wa Saa, shuka Barabara ya Sokoine, pita pembezoni mwa Soko Kuu, malizia upande wa Kilombero. Ukimpata mmoja, muulize wenzake wako wapi. Wanajuana, wanakopeshana mzigo, na kile ambacho huyu hana atakuambia nani anacho. Chukua namba yake ya simu. Unachofuata ni mtu, mahali patabadilika.

Ukiwa na siku nzima, panda gari la Moshi; ni kama kilomita 80. Mitumba ya Memorial na Kiboriloni inajulikana kwa nguo na viatu, na kitabu huko ni bahati nasibu, lakini wauza vitabu wa mjini Moshi wana mzigo wa tabia tofauti na wetu. Kule kuna hospitali ya KCMC, kwa hiyo vitabu vya udaktari na uuguzi havikosekani, na kuna Chuo Kikuu cha Ushirika, kwa hiyo utakutana na uhasibu na ushirika wa miaka hiyo. Wapo pia wageni wanaopanda Kilimanjaro na kuacha hotelini riwaya waliyoisomea kwenye ndege.

Arusha sisi tuna jambo letu: vitabu vya Kifaransa. Nahisi ni masalia ya Mahakama ya Kimataifa ya Rwanda, iliyofanya kazi hapa tangu 1995 mpaka ilipofungwa mwisho wa 2015. Wafanyakazi wake walitoka nchi nyingi, na mtu anapohama hasafirishi rafu nzima. Kwa kuwa wateja wa Kifaransa ni wachache, bei yake inaangukia chini kabisa. Kama unajifunza lugha hiyo, hapa ni peponi.

Angalizo moja kuhusu vile vya udaktari. Kitabu cha anatomia cha miaka thelathini iliyopita bado kinafaa, mifupa haijabadilika. Kitabu cha dawa na dozi cha umri huo kiache pale pale kilipo.

Namna ya kuchakura

Salamu kwanza. Kama ni mzee, shikamoo, na usiharakishe kuondoa macho usoni kwake kuyapeleka kwenye vitabu. Kisha: "Naomba niangalie." Huo ni ufunguo. Muuzaji aliyeombwa hakusumbui, na baada ya dakika kumi anaanza mwenyewe kukuletea.

Pitia migongo ya vitabu vyote mara moja bila kugusa kitu. Jicho lako litashika rangi kabla ya maneno: ule mgongo wa rangi ya chungwa wa mfululizo wa waandishi wa Afrika wa Heinemann, ulioanza 1962, utauona hata ukiwa hatua tano. Mzunguko wa pili ndio wa kugusa. Usichomoe kitabu cha chini kwenye rundo, inua vya juu kwanza. Rundo likiporomoka kwenye vumbi, umeharibu biashara ya mtu. Mwisho uliza swali ambalo wateja wengi hawaulizi: "Vipi, una ambavyo hujavipanga?" Mara nyingi kuna gunia au boksi chini ya meza. Vitabu vyangu vitatu ninavyovipenda kuliko vyote vilitoka chini ya meza.

Na usichelewe. Vitabu visivyotoka kwa muda mrefu huishia kuuzwa kama karatasi. Niliwahi kununua karanga za mia mbili pale Kaloleni, zimefungwa kwa ukurasa wa ushairi, beti nne kamili na nusu ya tano. Nilirudi kwa mama wa karanga kuulizia kitabu chenyewe. Akanionyesha jalada, tupu.

Kukagua: hapa usikimbizwe

Kabla hujauliza bei, kipe kila kitabu dakika mbili. Muuzaji akisema "kizima hicho, dada", mjibu kwa tabasamu na uendelee.

Anza kwa kukitazama kutoka juu, pale kurasa zinapokutana na mgongo. Vitabu vingi huundwa kwa mafungu. Karatasi moja kubwa huchapwa kurasa nane upande huu na nane upande ule, ikakunjwa ikawa fungu la kurasa 16. Mengine huwa ya 32. Ukiona mafungu yamejipinda kama vijitabu vidogo vilivyobanwa pamoja, kitabu kinaweza kuwa kimeshonwa kwa uzi. Fungua katikati ya fungu mojawapo uuone uzi wenyewe. Kitabu kilichoshonwa kitakuzika. Kama juu ni bapa kabisa, kimegandishwa kwa gundi tu: kifungue taratibu katikati na usikilize. Kikilia kra, gundi imekauka, na kila utakapokisoma kitakuachia karatasi mkononi.

Sasa namba za kurasa. Huna haja ya kuhesabu zote. Pale fungu moja linapoisha na lingine kuanza ndipo makosa ya kiwandani yanapojificha, kwa hiyo pita kwenye maungio hayo tu na uangalie kama namba zinafuatana. Kitabu cha kurasa 200 kina maungio kumi na mawili hivi. Ni sekunde thelathini. Ningefanya hivyo siku ile, ningejua mapema nani aligonga mlango.

Soma sentensi ya mwisho ya kitabu. Samahani kama inakuharibia utamu, ila riwaya za upelelezi nazo hupoteza karatasi ya mwisho, kwa sababu ndiyo inayobaki nje jalada likichanika. Kwa mashairi na tamthilia zilizopita mikononi mwa wanafunzi, tafuta kurasa zilizokatwa kwa wembe. Utaona kishina chembamba kimebaki karibu na mgongo.

Kisha nusa. Usione haya. Harufu ya stoo inatoka. Harufu ya ukungu mbichi, pamoja na madoa meusi au ya kijani yenye manyoya, haitoki na itaambukiza rafu yako. Madoadoa ya kahawia kwenye karatasi ya zamani ni uzee tu, usiyaogope. Mende hula kitambaa cha jalada na gundi, wakaacha pametafunwa kama ramani. Jalada linatia huruma lakini maandishi yapo. Vitundu vidogo kama vya sindano, vikiambatana na unga mwepesi unaodondoka ukikigonga kitabu, maana yake mdudu yumo ndani anaendelea kula. Hicho kirudishe, na ukiweke mbali na ulivyokwisha kuvichagua.

La mwisho, nakala za kudurufu. Zinauzwa meza moja na vitabu halali, nyingine kwa bei ile ile. Utazijua kwa jalada lililofifia kama picha iliyopigwa picha, maandishi yenye vivuli, mistari iliyoinama kidogo upande mmoja, na karatasi nyeupe sana kwa kitabu kinachodai kutoka zamani. Mimi sizinunui, mwandishi hapati hata senti, na ukurasa ukikosekana kwenye kitabu mama, umekosekana kwenye nakala zote.

Ukurasa ulio nyuma ya jina

Fungua ukurasa wenye jina la kitabu, kisha ugeuze. Yale maandishi madogo ambayo watu huyaruka ndiyo cheti cha kuzaliwa cha kitabu.

Tofautisha toleo na chapa. Toleo likibadilika, maneno ya ndani yamebadilika; chapa ni kuchapwa tena yale yale. Kwa msomaji wa kawaida chapa ya saba inasomeka sawasawa na ya kwanza. Toleo ndilo la kuangalia. Tafsiri ya Mwalimu Nyerere ya Julius Caesar ya Shakespeare ilitoka 1963, kisha akaipitia upya ikatoka tena 1969. Anayefuatilia Kiswahili cha Mwalimu atazitaka zote mbili, mwingine moja inamtosha. Bila kusoma ukurasa huu hutajua umeshika ipi.

Vingine havina tarehe kabisa, hasa vya zamani. Hapo unakuwa mpelelezi. Kikiandikwa kimechapwa Tanganyika, ni cha kabla jina Tanzania halijaanza kutumika 1964, au karibu na hapo. Kikitoka Shirika la Vitabu la Afrika Mashariki, lile lililoanzishwa 1948 na ambalo kwa Kiingereza linaandikwa East African Literature Bureau, ujue ni cha 1977 au kabla, kwa sababu shirika lilikufa pamoja na Jumuiya ya kwanza. Tanzania Publishing House ilianzishwa 1966, kwa hiyo hakuna kitabu chake cha kabla ya hapo. ISBN, ile namba ya kutambulisha kitabu, ilikubaliwa kimataifa 1970 ikiwa na tarakimu 10. Tangu Januari 2007 zimekuwa 13. Ndani ya namba hiyo, 9976 na 9987 ni za Tanzania na 9966 ni ya Kenya. Namba isipokuwepo si ushahidi tosha wa uzee, maana wachapaji wetu wengine hawakujisumbua nayo kwa miaka mingi, lakini ikiwa na tarakimu 13 na muuzaji anakuambia "hiki cha enzi za Mwalimu", unaweza kucheka kwa adabu.

Atlasi zina kipimo chao. Fungua ramani ya Tanzania utafute mikoa ya Geita, Katavi, Njombe na Simiyu: ikikosekana, atlasi ni ya kabla ya 2012. Songwe ikikosekana, ni ya kabla ya 2016. Kwa mtoto wa shule hiyo haifai. Kwangu mimi zile za zamani ndizo tamu.

Mihuri

Muhuri wenye neno WITHDRAWN au DISCARDED maana yake maktaba ya huko nje ilikiondoa yenyewe, na kimesafiri kihalali mpaka hapa. Muhuri wa shule au maktaba yetu bila alama yoyote ya kuondolewa ni habari nyingine. Vitabu vya kiada vilivyoandikwa wazi kwamba ni mali ya serikali na haviuzwi, viache, hata bei ikiwa ya kutupa. Kuna darasa mahali fulani watoto watano wanachungulia kitabu kimoja.

Kama unamtafutia mtoto wa shule

Mtaala mpya ulianza kutumika kwa awamu Januari 2024. Kitabu kizuri cha mtaala uliopita kinaweza kumfundisha mtoto vizuri tu, lakini mada zimehamishwa madarasa. Piga picha jalada na ukurasa wa yaliyomo, mtumie mwalimu wake kabla hujalipa. Kamusi, hadithi na vitabu vya mazoezi ya hesabu havina shida hiyo. Kwenye vya mazoezi angalia tu kama majibu hayajajazwa kwa kalamu ya wino.

Sasa bei

Kwa vijana wa Chuga buku ni elfu moja, na kitabu kizima cha buku moja kinapatikana mara chache, kwa hiyo usiende na ndoto hiyo. Kwenye meza ninazopita, riwaya ya kawaida huanzia elfu tatu hadi tano, na kitabu kinene cha masomo hupita elfu kumi. Panga vyote unavyovitaka pamoja kabla ya kutaja hela. Kimoja kimoja utachoka, kwa pamoja mnaelewana.

"Hivi vitatu bei gani, mdogo wangu?"

"Hivyo elfu kumi na tatu, dada."

"Hiki jalada limelegea, ona. Na hiki kimechorwa kurasa zote za mwanzo."

"Niungishe na kumi na moja basi, ndio nafungua biashara."

"Nikupe tisa, na hiki kidogo cha methali uniongezee."

Akakishika kile cha methali, akakigeuza kama anakiaga.

"Toa tisa na nusu, dada yangu. Hicho chukua."

Hapo nilitoa hela. Kasoro nilizotaja zilikuwa za kweli na nilimwonyesha kwa kidole. Kuponda kitabu kizuri ili kishuke ni tabia ambayo wauzaji wanaikumbuka. Na usionyeshe furaha kwa kile hasa ulichokifuata. Kiweke katikati ya rundo, lawama zako zielekee kwenye vingine. Kama bei imekushinda, rudisha kitabu mahali pake, mgongo ukiangalia juu kama alivyokipanga, aga vizuri, ondoka. Ukiitwa, sawa. Usipoitwa, bei yake ilikuwa ya kweli.

Ukifika nyumbani

Usiviweke kwenye rafu moja kwa moja. Vifute kwa brashi laini au kitambaa kikavu, nje, mlango ukiwa umefungwa. Viache kivulini penye upepo siku mbili tatu. Jua kali hupindisha jalada na kufifisha rangi. Harufu ya stoo inaondoka ukikifungia kitabu kwenye boksi pamoja na vipande vya mkaa mkavu kwa wiki, mkaa ukiwa kwenye bakuli lake usiguse karatasi. Ukishuku wadudu na una friza, kiweke kwenye chombo cha kubana hewa, kikae humo wiki mbili, na ukikitoa usikifungue chombo mpaka kirudie joto la chumba, la sivyo unyevu utaganda kwenye kurasa. Jalada lililolegea ni kazi ya gundi nyeupe ya mafundi seremala, kidogo kwa ncha ya kijiti, kisha tofali juu usiku kucha. Selotepu hapana. Baada ya miaka michache inakuwa ya njano na kuacha utandu usiotoka.

Mimi huandika kwa penseli, ndani ya jalada la nyuma, tarehe na mahali nilipokinunua. Kile chenye ukurasa wa 97 mara mbili nimekiandika pia "natafuta 113–128", na namba hizo ninazo kwenye simu. Kijana aliyeniuzia anazijua kwa kichwa. Mwezi uliopita alinipigia Jumamosi asubuhi, nakala nyingine imeingia na gunia kutoka Moshi. Ilikuwa na kurasa zote isipokuwa jalada na kumi za mwanzo. Nikampa elfu mbili, sikuomba apunguze.